Manowari Iliyotoka Chumvi

Siku ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, ni ile niliyojikuta nimesimama juu ya manowari, merikebu ya vita ya zamani yenye mizinga na milingoti, kanga yangu kiunoni, nikitazama mbele. Na mimi bahari sijaiona kwa macho yangu mpaka leo. Cheka tu, nimekuona. Ulipofika hapa ulinipa shikamoo ya haraka, ukakaa kwenye kiti hicho, na tangu hapo kazi yako ni kukifungua na kukifunga hicho kisimu kuangalia kama huyo wako ameandika. Hajaandika. Kiweke chini, chukua hizo karanga unimenyee, nikusimulie nilivyopanda na nilivyoshuka.

Nilikuwa binti mbichi, nimeolewa na kijana anaitwa Daudi. Kwao ni pembezoni mwa mji wa Singida, upande wa Ziwa Singidani, pale mawe makubwa yamekaa yamebebana kama watu wanaonong'ona. Baba yake alikuwa seremala. Jina lake sitalitaja, maana mkwe hatajwi, na kufa kwake hakujaniondolea adabu. Tumwite Mzee. Alitengeneza milango, vitanda, na mtu akifariki alitengeneza sanduku. Daudi hakuipenda randa. Alikuwa mtu wa kuchoshwa upesi na mahali. Alikwenda pwani kubeba mizigo bandarini, akapata kazi kwenye meli ya mizigo, ile ya chuma, akarudi mara moja na tende kwenye kopo na hadithi nyingi, halafu akaondoka tena.

Siku moja akaja mwenzake kwa basi. Alikaa kwenye mkeka, maji tuliyompa hakuyanywa. Alisema, "Meli iliondoka, haikufika. Mimi niliachwa bandarini kwa ajili ya homa." Hakuwa na lingine. Hakuleta mwili wala nguo, hata kiatu kimoja.

Sasa wewe umezaliwa mjini, huenda hujui. Pale kwetu msiba usio na kaburi haukuwa na mwisho. Wazee hawakai, nywele hazinyolewi, na mke hajulikani ni mke au ni mjane. Kurudi kwetu siwezi, kuolewa siwezi, hata kulia kwa sauti siwezi, kwa sababu nani amekufa? Nilikuwa napika, nachota maji, nalima uwele, na watu wakinisalimia wananitazama usoni kidogo kisha wanatazama pembeni. Hilo ndilo nililokuwa nalo mikononi, ujana wangu mzima, na hakuna aliyejua pa kuuweka.

Wazee wa ukoo walianza kusema tuzike hata kitu chake, ndivyo ilivyofanyika kwa waliopotea zamani. Mzee yeye alikwenda mjini, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja aliyekuwa mteja wake wa milango, akarudi na kalenda iliyopita wakati. Juu yake palikuwa na picha ya manowari ya kale, nguo zake nyeupe zimejaa upepo, ubavuni vidirisha vya mizinga. Aliitundika ukutani kwenye karakana yake na kutoka siku ile milango ya watu ikaanza kuchelewa, maana alianza kuijenga merikebu ile kwa mbao, ndogo ya kukaa mezani.

Mwanangu, Mzee hakuwahi kuiona bahari, wala meli ya chuma. Merikebu aliyoijua ni hiyo moja ya kalenda. Na alikuwa na hoja yake. Nilimsikia akimwambia mama mkwe, "Ile aliyopanda haikuwa na hata mzinga mmoja. Hii ina ya kujikingia." Mama mkwe alimtazama, akaendelea kupepeta.

Sikiliza alivyopata kipimo chake. Kwenye mwimo wa mlango wa nyumba kulikuwa na alama za kisu, urefu wa Daudi tangu akiwa mtoto mpaka alipotuzidi wote. Mzee alichukua ile alama ya juu kabisa, akasema urefu huu katika merikebu utakuwa pingili moja ya kidole changu. Akachonga kijiti cha urefu huo. Kila kitu kilipimwa kwa kile kijiti. Mlango wa chumba cha nahodha ulipaswa kumpitisha Daudi bila kuinama. Kitanda kilipaswa kumtosha Daudi na miguu isining'inie. Mlingoti mkubwa, ukuta wa ubavuni, ngazi, pipa la maji, vyote vilipimwa kwa Daudi. Watu wengine hutengeneza vitu vidogo kwa kupunguza vikubwa. Yeye hakupunguza kitu, alikuwa anamjengea mtu mmoja nyumba ya kukaa.

Nami nilisaidia. Mkwe na mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono, kwa hiyo kati yetu kulikuwa na kigoda. Akitaka kamba za milingoti, anaweka uzi kwenye kigoda na kugeuka. Nachukua, nakaa mlangoni, nausokota mwembamba na kuupaka nta ya nyuki mpaka unang'aa, narudisha kwenye kigoda, nageuka. Nilishona pia zile nguo za kushika upepo kwa vipande vya kitambaa cha marekani alivyopewa dukani. Tulifanya kazi msimu mzima wa kiangazi, tukijuana kwa migongo tu. Karakana ilinukia asali na mninga.

Mbao za ubavu zilitakiwa kupinda. Ubao mkavu wa mninga ukiupinda unakatika, lazima uloweke kwanza, kisha uupitishe kwenye mvuke wa chungu. Kiangazi kile kisima kilikuwa kinatoa matope, maji ya kunywa tuliyafuata mbali. Mzee akaweka ndoo kwenye kigoda na kusema akiutazama ukuta, "Ya ziwani yanatosha kwa mbao." Nikashuka Singidani nikachota. Maji yale yana chumvi, hata nguo ukifulia zinakauka na unga mweupe. Mbao zote za merikebu ile zililowekwa humo, na mimi ndiye niliyeyabeba kichwani. Ukumbuke hilo.

Mambo yalianza kugeuka alipokuwa ameifunga ile merikebu, ubao wa mwisho umekaa, na vile vyumba vya ndani alivyovitengeneza kwa uvumilivu mkubwa havionekani tena isipokuwa kwa kuchungulia kidirishani. Mchana, jua likiwa utosini na upepo wa ziwa ukipita kwenye mawe, merikebu ilikuwa inalia. Krii, krii, kisha kimya, kisha krii ndefu, kama kitanda ambacho mtu amejigeuza. Mbao zikikauka hulia, najua. Lakini kabati halikulia, milango iliyoegemezwa ukutani haikulia, na ni ya mti uleule. Kuku walioingia karakana wakati ule walitoka wakipishana.

Kilichonitisha zaidi, nikuambie ukweli, ni kwamba mimi sikutoka. Nilianza kuipenda ile sauti. Nikimaliza kazi za nyumbani nakwenda kukaa pale mlangoni hata kama sina uzi wa kusokota. Nikaanza tena kubakiza ugali wa Daudi kwenye bakuli, nafunika kwa sahani. Dada yangu aliponitumia salamu kwamba kuna mtu wa heshima wa kijiji cha Ihanja ameniulizia, endapo mambo ya huko kwa Daudi yatakwisha, nilimkasirikia mleta salamu. Niliona wamenitukana. Mume wangu si yuko? Kila mchana namsikia akijigeuza.

Mvua za kwanza zilipokuja, wazee wa ukoo walifika kumaliza shauri. Walikaa karakana kwa sababu barazani kulikuwa kunavuja. Mkubwa wao alianza kusema siku ya kuzika, na katikati ya maneno akanyamaza, akanyoosha kidole. Merikebu ilikuwa inatoka jasho. Matone yalikuwa yanateremka ubavuni mwake taratibu, na pale yalipokauka pamebaki mstari mweupe, umeizunguka yote, omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma, umenyooka sawasawa. Ulikuwa mahali palepale ambapo maji yangefika kama ingekuwa inaelea.

Mzee aliinuka. Alipitisha kidole kwenye ule weupe, akakiweka ulimini.

"Chumvi," alisema. "Yuko baharini. Mtoto wangu yuko hai."

Hakuna aliyembishia. Wale wazee walichukua fimbo zao wakaondoka kwenye mvua, na mmoja, mtu niliyemfahamu kwa ubishi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua chumvi ile imetoka wapi. Kichwa changu bado kilikuwa na alama ya kata, ile ngata ya kuwekea ndoo. Lakini mkwe hasemi mbele ya wazee, na tena, mwanangu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi iliyofuata Mzee hakuwepo, nikaingia na kitambaa laini kuipangusa. Daudi alikuwa kwenye usukani, hilo nilikuwa nalijua. Mzee alimchonga mapema, kisanamu cha pingili moja, shingo yake imeelemea upande kama ilivyokuwa. Nikapangusa kuelekea nyuma, kidole kikagusa kitu ambacho hakikuwepo. Kulikuwa na mwanamke. Amesimama kando ya mlango wa chumba cha nahodha, mkono mmoja kwenye kizingiti, amefunga kanga kiunoni kwa fundo la upande wa kushoto. Nalifunga hivyo mimi peke yangu pale nyumbani, wenzangu walikuwa wananicheka kwa hilo. Alikuwa na kovu dogo kwenye paji la uso, pale nilipoangukia jiwe utotoni. Alikuwa anamngoja aliyeko kwenye usukani amalize zamu.

Nikachungulia kidirishani. Kitanda cha ndani kilikuwa na mito miwili, na chumba kile kilifungwa tangu kiangazi.

Nilitoka mbio. Miguu ilikuwa inanipiga baridi kutoka kwenye nyayo hadi magotini, na nje kulikuwa na jua. Mama mkwe alikuwa uani anachambua uwele kwenye ungo. Hakuniuliza kitu mpaka nilipokaa.

"Umejiona?" alisema.

"Mama, ulijua?"

"Nimekuona tangu wiki iliyopita. Mimi niliyemzaa Daudi hakuniweka. Kakuweka wewe." Alitupa kokoto moja, akaendelea. "Haya niambie, maji ya kuloweka zile mbao alichota nani?"

"Mimi."

"Ya wapi?"

"Ya ziwani."

"Kumbe unajua. Jana wazee wamekaa pale, mume wangu amelamba chumvi ya Singidani akasema bahari, na wewe umesimama mlangoni umefumba mdomo."

"Mama, mimi ni mkwe. Ningesemaje?"

Hapo ndipo aliponikemea, na kemeo lile ninalo mpaka leo. Hakupaza sauti. "Usijifiche nyuma ya adabu. Hukunyamaza kwa adabu, umenyamaza kwa sababu uongo ule ni mtamu, na umeanza kuula pamoja naye. Unafikiri siyaoni mabakuli unayofunika? Mimi naweza kumwambia, lakini nikisema mimi atasema mama amechoka kumngoja mwanawe, na neno hilo litaniua. Wewe ndiye uliyebeba maji. Nenda ukashuke kwenye merikebu ya watu. Ukishazeeka humo hakuna atakayekumbuka kukushusha."

Akaniwekea ungo mapajani nichambue, na yeye akaenda kuchochea moto.

Mzee aliporudi alasiri alikaa mbele ya kazi yake. Niliingia, nikapiga magoti kando ya kigoda, nikampa mgongo. Kumwambia yeye ilikuwa mwiko. Basi nikasema na merikebu.

"Wewe merikebu," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "usimdanganye mwenye nyumba. Mbao zako zililowekwa maji ya Singidani. Mimi ndiye niliyeyachota, nikakumiminia kwenye pipa. Kiangazi umeyaficha, mvua imekuja umeyatapika. Hujafika baharini wewe. Hujatoka hata humu ndani. Na mimi, merikebu, naomba unishushe."

Ile krii haikulia. Nilisikia patasi ikiwekwa mezani.

"Merikebu," alisema Mzee nyuma yangu, taratibu, "mwambie huyo anayesema nawe kwamba nilijua. Si ni mimi niliyesema ya ziwani yanatosha? Nilijua tangu tone la kwanza." Alikohoa. "Mwambie nilikuwa nangoja mtu mmoja aniambie. Nikilisema mimi mwenyewe, nitakuwa ndiye niliyemuua. Wazee wazima wamekaa hapa na hakuna aliyethubutu. Mwambie ahsante."

Nililia, mwanangu. Mara ya kwanza tangu yule kijana ashuke kwenye basi, nililia kwa sauti, na yeye nyuma yangu alikuwa analia, tumepeana migongo, kigoda katikati. Mama mkwe alisimama mlangoni na kijiko cha kusongea ugali mkononi, naye akaanza. Majirani wakasikia wakaja, na hivyo ndivyo msiba wa Daudi ulivyoanza.

Alipotulia Mzee alisema neno moja zaidi kwa merikebu. "Chumvi naielewa. Lakini mbao zote zilikaa kwenye maji yale, za juu na za chini. Huo mstari nani kauchora?"

Tulizika merikebu. Lilichimbwa kaburi la urefu wa mtu, ule wa alama ya mlangoni, na Mzee alitengeneza sanduku kwa mninga uleule. Kabla hajafunika alisogea pembeni na kutazama mawe, nikaelewa ananipa nafasi. Niliingiza mkono, nikamshika yule mwanamke kiunoni, nikavuta. Gundi ya Mzee haikuwa ya mchezo. Alitoka, lakini alivunjikia kwenye vifundo, na miguu yake ikabaki imesimama pale kando ya mlango. Nilitaka kuikwangua kwa kucha. Mama mkwe akanishika mkono, akasema, "Acha. Mwachie hicho." Sanduku likafungwa, na lilipokuwa linateremshwa nililisikia likilia mara moja, krii, kama mtu amejigeuza akapata usingizi.

Nilinyolewa, nikakaa siku zangu za msiba, nikarudishwa kwetu kwa heshima na mbuzi. Baadaye niliolewa huku Ihanja na huyo baba unayemwona kwenye picha pale ukutani, tukalima alizeti, tukapata watoto, na wewe ni mjukuu wa hayo yote. Kile kisanamu kipo kwenye kabati, ndani ya kopo la tende. Nitakuonyesha, lakini usikishike. Na mvua za kwanza zinapokuja, kila mwaka, nikiamka asubuhi nyayo zangu zimelowa, na zikikauka zinabaki na unga mweupe. Daktari wa zahanati alisema ni jasho la uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu lilipoanza.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Kumngoja mtu si kosa, na wala sikukatazi kumpenda huyo wako aliye mbali. Lakini kungoja kuwe na mlango wa kutokea, na mlango huo ujue wewe mwenyewe ulipo. Watu watakaokupenda sana ndio watakaokujengea mahali pazuri pa kungojea, wakutandikie na mto, na kwa upendo wao hawataona kwamba wamekugandisha miguu. Ukiwa unajua chumvi imetoka wapi, sema. Usiseme umenyamaza kwa heshima wakati umenyamaza kwa utamu. Tafuta namna ya adabu ya kulisema, hata kama ni kumpa mtu mgongo na kuzungumza na ubao, maana huenda naye amekaa hapo siku nyingi anangoja asikie kwa mwingine lile analolijua. Na ukimshusha mtu au ukijishusha, shuka mapema, kabla gundi haijakauka. Mimi nilichelewa kidogo tu, na unaona.

Haya, karanga zinatosha. Mungu akulinde, mwanangu, akupe mtu atakayefika, na kama hafiki, akupe wa kukuambia. Akupe nyumba yenye sauti za watu walio hai. Na popote utakaposimama katika dunia hii, nyayo zako ziamke zikiwa kavu.